Ukoko wa bafuni na maji ya Dodoma: usafi wa siki, ndimu ya unga na bekingi soda

Aliyehamia Dodoma kutoka Mwanza au Bukoba, alikozoea maji ya ziwa, huanza kushangaa jikoni. Birika jipya halijamaliza hata mwezi, tayari chini limeota magamba meupe. Bafuni mambo ni yaleyale, ila huko yanachelewa kuonekana. Siku moja unagusa koki unaona inakwaruza, unatazama marumaru za ukutani unaona zina ukungu mweupe ambao sabuni haiutoi hata usugue mpaka bega liume.

Tatizo si uvivu wa mtu. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili yanavutwa kutoka ardhini, kwenye visima virefu vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na waliochimba visima vyao wenyewe majumbani nao wananywa kutoka chini hukohuko. Maji yakikaa kwenye miamba huyeyusha kalisiamu na magnesiamu na kuja nayo mpaka bombani. Ndiyo maana sabuni inakataa kutoa povu. Ongeza na hewa yetu. Mvua Dodoma ni ya Desemba hadi Aprili hivi, miezi mingine yote ni ukavu na upepo. Tone la maji likibaki ukutani halingojei kutiririka, linakauka palepale. Maji yanaondoka, madini yanabaki. Kesho tone jingine linakaa juu yake, vumbi jekundu linapita dirishani linanasa humo, na mafuta ya sabuni yanafunika vyote. Hivyo ndivyo ukoko unavyojengeka, tabaka juu ya tabaka.

Habari njema ni kwamba hewa hiyohiyo kavu inatupunguzia ukungu mweusi, ambao ndugu zetu wa Tanga na Dar wanapigana nao mwaka mzima.

Tambua uchafu kabla hujashika brashi

Watu wengi wanapoteza muda hapa. Wanakoroga kila kitu kilichopo kabatini, wanamwaga, wanasugua. Uchafu wa bafuni una aina zake, na kila aina ina dawa yake.

Chukua kijiko cha siki, nenda kwenye koki mahali palipo na ukoko mwingi, kwa kawaida ni pale shingo ya koki inapokutana na sinki. Dondosha matone mawili matatu na uinamishe kichwa utazame kwa karibu. Kama ni chokaa ya maji, yaani yale madini yaliyoganda, utaona vipovu vidogo sana vinaanza kupanda pembeni mwa ukoko, na ukitulia utasikia hata mlio hafifu, kama soda iliyomiminwa kwenye glasi. Vipovu hivyo ni hewa ya kaboni inayotoka chokaa inapovunjwa na asidi. Hapo umeshapata jibu: dawa ni kitu kichachu, yaani siki, ndimu ya unga, limao, hata ukwaju.

Siki ikikaa kimya bila vipovu, kwaruza kidogo kwa ukucha. Kikitoka kitu cheupe cha kutelezateleza kinachoganda chini ya ukucha, huo ni utando wa sabuni. Sabuni ya kipande imetengenezwa kwa mafuta, na mafuta hayo yakikutana na kalisiamu ya maji yetu yanageuka kuwa kitu kigumu kisichoyeyuka, kinakwenda kujibandika ukutani. Kwa hiyo kadiri unavyooga kwa sabuni nyingi ili ipatikane povu, ndivyo unavyozidi kuulisha ukuta. Utando mwembamba hutoka kwa bekingi soda na sabuni ya maji. Ule mzito uliochanganyika na chokaa unahitaji vyote viwili, lakini kwa zamu. Nitarudi kwenye hilo.

Alama ya rangi ya chungwa au kahawia inayoshuka kutoka kwenye skrubu au bomba ni kutu, na limao linaiweza. Madoa meusi kwenye mistari ya grauti, ile sementi ya kuziba kati ya marumaru, ni ukungu. Na ile rangi ya njano iliyogeuka kahawia ndani ya choo ni chokaa iliyonywa mkojo. Dawa yake ni ileile ya chokaa, ila muda ni mrefu zaidi.

Vya kuwa navyo

Siki nyeupe ya dukani. Soma chupa, iwe imeandikwa asilimia 4 au 5 ya asidi asetiki. Usitumie ya rangi ya kahawia kwenye grauti nyeupe, itaacha alama. Hapo niwakumbushe wenye mvinyo uliochacha nyumbani, maana mji wa zabibu haukosi chupa iliyosahaulika: ule mweupe uliogeuka siki kabisa unafanya kazi, mwekundu peleka kwenye kachumbari.

Ndimu ya unga. Hii ndiyo naipenda kuliko zote, kwa sababu haina harufu ya siki inayokaba bafu dogo, na mfuko mdogo unakaa muda mrefu. Wauza viungo na wauza vifaa vya juisi sokoni wanayo. Mara ya mwisho niliifuata kwa mama mmoja pale Majengo.

"Shikamoo mama. Ndimu ya unga ipo?"

"Marahaba mwanangu, ipo. Unatengeneza juisi?"

"Hapana mama, ya kuoshea bafu."

"Haa! Siku hizi mpaka bafu linakunywa juisi?"

Akapima huku anacheka. Naamini sasa anawaambia wateja wengine.

Bekingi soda, ile ya pakiti au kikopo inayokaa rafu moja na unga wa keki. Usiichanganye na bekingi pauda, ambayo ndani yake tayari kuna asidi na wanga. Wala si magadi ya mawe yanayowekwa kwenye maharage. Hayo ni makali zaidi kwa ngozi na mara nyingi yana mchanga unaochuna marumaru.

Sabuni ya maji ya kawaida ya kuoshea vyombo. Usikune sabuni ya kipande na kuitia kwenye siki, kwani asidi huivunja sabuni hiyo na kurudisha mafuta juu. Utapata uji wenye mabonge unaopaka ukuta mafuta upya.

Kisha chupa ya kupulizia, dodoki, mswaki wa zamani, matambara ya pamba, na glavu. Stilwaya iache jikoni kwenye masufuria. Ikigusa koki ya kung'aa inachuna ile ngozi ya juu, na mahali palipochunika ndipo chokaa itakapoanza kushika kesho.

Siki na bekingi soda visikutane kwenye chupa

Video nyingi zinaonyesha mtu anamwaga siki juu ya bekingi soda, povu linafurika, na kila mtu anashangilia. Povu lile ni asidi na alkali zinamalizana zenyewe kwa zenyewe. Likitulia, kilichobaki ni maji yenye chumvichumvi ya sodiamu, hayana uchachu wa kula chokaa wala ukali wa kukata mafuta. Umenunua vitu viwili vyenye nguvu ukatengeneza kimoja kisicho na kazi. Ukivifungia kwenye chupa ni hatari kabisa, hewa inajaa na chupa inapasuka.

Tumia kimoja, suuza, kisha kingine. Mahali pekee ninapokubali povu ni kwenye tundu la kutolea maji bafuni: vijiko vinne vya bekingi soda, nusu kikombe cha siki, acha yachemke, halafu miminia maji ya moto. Hapo povu linasaidia kusukuma utelezi uliokwama juujuu. Nywele zilizojifunga ndani hazitoki kwa povu, chukua waya uzivute.

Koki na shawa

Anza hapa, kwa sababu ndipo utakapoona matokeo ya haraka na kupata moyo wa kuendelea.

Kwa koki, chovya tambara la pamba kwenye siki iliyopashwa moto kidogo, ikamue isidondoke, kisha izungushe kwenye shingo ya koki kama bandeji, ibane vizuri hasa pale penye ukoko. Acha nusu saa. Kosa linalofanyika ni kupulizia na kufuta papo hapo. Siki inatiririka chini kabla haijafanya lolote. Tambara linaishikilia mahali pake. Ukilifungua, sugua kwa mswaki. Magamba mengine yatatoka mazima, vipande vyembamba kama kucha. Yasipotoka, rudia kwa tambara bichi, usikimbilie kisu.

Ule mdomo wa koki una kichujio kidogo kinachofunguka kwa kuzungushwa. Kifungue, kilaze kwenye kikombe cha siki, kisugue, kirudishe. Nyumba nyingi zinazolalamika kuwa "presha ya maji ni ndogo" shida iko hapo, si kwa mamlaka ya maji.

Kwa shawa, miminia siki kwenye kifungashio cha nailoni kilichotoka kwenye sukari au unga (mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo vifungashio vya namna hii vitunze), kivishe kichwa cha shawa mpaka matundu yote yazame, kisha funga juu kwa mpira. Shawa ya plastiki unaweza kuiacha usiku kucha. Ya chuma cha kung'aa isizidi saa moja. Ukishaitoa, fungulia maji ya moto kama unayo, na pitisha sindano kwenye matundu yaliyoziba. Kama ni shawa ya umeme, zima swichi kwanza na usiloweshe sehemu ya nyaya.

Ukuta wa marumaru

Andaa chupa mbili.

Chupa ya kwanza ni vijiko vitatu vya chakula vya ndimu ya unga kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, na kijiko kidogo cha sabuni ya maji. Kama huna ndimu ya unga, weka siki na maji nusu kwa nusu. Maji ya limao nayo yanafaa, ila usiyaweke akiba: kwa joto letu yanachacha vibaya na mbegu zinaziba tundu la kupulizia.

Ya pili si chupa, ni bakuli. Vijiko vinne vya bekingi soda, kijiko kimoja cha maji, na sabuni ya maji kidogo, koroga mpaka iwe nzito kama dawa ya mswaki.

Anza na bakuli. Paka kwa dodoki kwenye ukuta uliolowa, kwa mizunguko midogo, ukishughulikia eneo la kimo cha kifua hadi magoti, kwa sababu huko ndiko sabuni inakorukia. Acha dakika kumi, sugua tena kidogo, suuza kabisa. Sasa utando wa mafuta umetoka na chokaa imebaki wazi. Ndipo unapulizia ile ya ndimu, kuanzia chini kwenda juu ili isichore michirizi kwenye ukuta mkavu, unaacha dakika kumi hadi kumi na tano, unasugua, unasuuza. Ukianza na asidi juu ya utando mzito, inateleza bila kuifikia chokaa, na hapo ndipo watu wanapohitimisha kwamba "vitu vya asili havifanyi kazi".

Usiache asidi ikauke ukutani. Mchana wa Oktoba hapa inakauka kabla hujageuka, kwa hiyo fanya ukuta mmoja mmoja, na ikibidi pulizia tena.

Maliza kwa tambara kavu. Ukisuuza kwa maji ya bomba na kuacha ukuta ukauke wenyewe, umeshaanza kupanda chokaa nyingine. Wenye kukinga maji ya mvua Januari na Februari, tunzeni ndoo moja kwa ajili ya suuzo la mwisho. Hayo hayana madini, hayaachi alama.

Sakafu: simama kwanza

Kabla ya kumwaga kitu chochote kichachu chini, angalia umekanyaga nini. Nyumba nyingi za zamani za serikali, kule Area C na Area D, zina sakafu ya tarazo au ya sementi iliyosuguliwa. Tarazo ina vipande vya mawe ya chokaa ndani, na sementi nayo ina chokaa. Asidi haijui kutofautisha chokaa ya uchafu na chokaa ya sakafu. Utaimwaga, itatoa vipovu vizuri kabisa, utafurahi, na ikikauka utakuta sakafu imepoteza mng'ao na inakwaruza mguu.

Kwa sakafu hizo tumia bekingi soda na sabuni ya maji tu, au majivu ya kuni yaliyochekechwa vizuri, yale waliyosugulia bibi zetu. Majivu ni alkali, yanakata mafuta, na unga wake unasugua kidogo. Vaa glavu, yanakausha mikono.

Marumaru za kawaida za kuchomwa hazina shida na siki, ila grauti katikati yake ni sementi. Dakika kumi na suuzo la maji mengi haiidhuru. Kuloweka usiku kucha kila wiki kutaila mpaka mistari ibaki mitupu.

Choo

Kazi hii ni ya usiku, wakati kila mtu ameshalala.

Kwa choo cha kukaa, sukuma maji yaliyomo kwa brashi mpaka yapungue, au yachote kwa kopo ulilolitenga. Maji yakibaki mengi dawa yako inazimuliwa. Koroga vijiko vinne vya ndimu ya unga kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu na umimine kuzunguka. Maji yasiwe yanachemka, kauri baridi inaweza kupasuka. Chini ya ukingo, dawa haikai, kwa hiyo loweka karatasi za chooni kwenye dawa hiyo na uzibandike kule juu. Asubuhi zitoe karatasi, sugua, vuta flashi. Ukoko wa miaka hautoki wote mara moja, rudia usiku wa pili na wa tatu.

Sinki la choo cha kuchuchumaa halihifadhi maji pembeni, hivyo tandaza matambara yaliyolowekwa kwenye siki sehemu zilizogeuka njano. Hakikisha wa nyumbani wanajua, hasa watoto wanaoamka usiku.

Fundi aliyekuja kwangu kubadilisha flashi alitazama sinki akasema, "Mama, hii tuimwagie asidi tu, dakika mbili inang'aa." Alikuwa na maana ya ile asidi kali ya dukani ambayo mafundi husafishia sementi baada ya kuweka marumaru. Nikamwambia, "Asante fundi, acha kwanza nijaribu la kwangu." Ni kweli inang'arisha. Inang'arisha kwa kula kila kitu, pamoja na grauti, ngozi ya koki, na kifua cha anayeivuta hewa yake kwenye bafu lisilo na dirisha.

Ukungu mweusi

Sehemu hii ni fupi. Nunua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 duka la dawa, ile ya kuoshea vidonda. Pulizia kwenye grauti kavu, acha dakika kumi na tano, sugua kwa mswaki, suuza. Iache kwenye chupa yake nyeusi kwa sababu mwanga unaiharibu. Usiichanganye na siki kwenye chombo kimoja. Halafu fungua dirisha. Pasipo unyevu ukungu hauna pa kuishi.

Mambo ya usalama

Bafu lililopuliziwa dawa ya klorini lisiguswe na siki wala ndimu siku hiyo mpaka lisuuzwe kabisa. Klorini ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu, na haina utani.

Limao na ndimu mbichi zikibaki kwenye ngozi halafu ukatoka juani, zinaunguza. Ngozi inaota malengelenge, kisha madoa meusi yanayokaa wiki nyingi. Nawa kwa sabuni kabla ya kwenda kuanika nguo.

Usiweke mchanganyiko kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Kama huna nyingine, bandika tepu na uandike kwa kalamu ya wino mzito, na uiweke juu mtoto asikofika.

Ikigoma

Kuna doa ambalo halitatoka kwa dawa yoyote. Dondoshea siki: hakuna kipovu. Kwaruza: hakuna kinachotoka. Lowesha kwa maji: doa linapotea, likikauka linarudi. Huo si uchafu tena. Ngozi ya juu ya marumaru au ya koki imeshaliwa, mara nyingi na asidi ya fundi au stilwaya ya miaka iliyopita. Kwa koki, badilisha. Kwa marumaru, paache hivyohivyo, au ukikarabati bafu siku moja uzingatie upande huo. Ila kwa sasa usiendelee kupasugua, kwani kila ukipachuna zaidi, chokaa inapata pa kushika.